Mlango wa Mwalimu Ambokile

Wagonjwa wa sukari na presha wa Lufumbo hawaendi kliniki, wanakwenda darasani. Ukimsikia mama mtu mzima anamwambia jirani yake, "Jumatano siji sokoni, nina darasa," usimcheke. Aliyewazoesha neno hilo ni Mwalimu Ambokile Mwasyeba, mzee aliyestaafu shule ya msingi lakini ualimu wenyewe ukakataa kumstaafu. Ndiye mgonjwa wa kwanza katika kata nzima kukabidhiwa ufunguo wa pampu yake ya insulini, na tangu hapo kila Jumatano husimama mbele ya mabenchi ya zahanati, kijiti mkononi, akiwafundisha wenzake namna ya kuishi na ugonjwa usiokwisha bila kumkalia nesi kichwani.

Jumatano hii mbele ya mabenchi hapakuwa na mtu. Dada yake Mwalimu, Subilaga, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo huko Itumbi, ng'ambo ya mto. Nesi Tusekile alilijua hilo. Mwalimu alipita mwenyewe jana yake kuaga, akapokea pole, akasema, "Tutazika saa tano, saa sita tutakula. Pampu yangu nitaipanga ifuate chakula. Usihangaike, mwanangu." Nesi akaahidi kwamba hatahangaika. Alianza kuhangaika kabla Mwalimu hajafika getini.

"Haya, nani anarudisha somo?" aliuliza sasa, kwa sauti ya uchangamfu aliyoiazima kwa siku hiyo tu.

Kurudisha somo ndiyo desturi ya Lufumbo. Hapewi mtu ufunguo kwa kusikiliza na kutikisa kichwa. Unasimama mbele ya wenzako, unafundisha ulichofundishwa, wanakuuliza maswali bila huruma, na nesi anafunga mdomo. Watano walikuwa wamefikia hatua hiyo. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mama Gwantwa, muuza maparachichi, mwanamke mwenye sauti ambayo soko zima huitumia kama saa.

"Sukari ikishuka utajua," alianza, mikono kiunoni. "Jasho la baridi, mikono inatetemeka, na unakuwa mkali bila sababu."

"Sasa wewe tutakujuaje?" mtu akasema kutoka benchi la nyuma, na watu wakacheka.

"Ndiyo shida ya mume wangu hiyo! Sikilizeni. Hapo usimsubiri mtu. Usiseme ngoja nimalizie tuta hili. Mwalimu anasemaje?"

Mabenchi yakajibu kwa pamoja: "Kula kwanza, omba radhi baadaye!"

Na kila mmoja akajipapasa mfukoni, mahali palipokaa kipande cha sukari guru kilichofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Serikali ilileta vidonge vya glukosi vyenye ladha ya chungwa. Mwalimu alivikataa. Alisema dawa usiyoweza kuipata duka la jirani yako si dawa yako, ni ya yule aliyekuletea.

Tusekile alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa ukutani, kwenye kioo cha Mlezi.

Kila mgonjwa wa sukari hapo alikuwa na pampu ndogo ya insulini chini ya ngozi ya tumbo, na bangili mkononi iliyosoma damu bila kumchoma. Akili ya mashine iliyoviunganisha vitu hivyo na zahanati iliitwa Mlezi. Kwa mgonjwa asiye na ufunguo, Mlezi ndiye aliyeamua dozi, na nesi aliona kila kitu, mpaka andazi ulilokula kwa siri nyuma ya kanisa. Kwa mwenye ufunguo mambo yaligeuka. Pampu ilimtii yeye, na kwenye kioo, mbele ya jina lake, hapakuwa na namba tena bali alama ya mlango uliofungwa. Zahanati ingeweza kupiga hodi tu. Bangili ingemnong'oneza mgonjwa swali la hujambo, yeye angejibu, na Mlezi angeleta jibu lake kwa maneno, bila sauti yake, maana hata sauti ya mtu ni siri yake. Sheria ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusoma Tusekile: anayejibu, anajitunza.

Watu wa Lufumbo waliupenda mlango huo. Mzee aliyekuwa akikemewa kama mtoto kwa kunywa togwa alianza kutembea kifua mbele, akipima mwenyewe, akikosea mwenyewe na kujirekebisha mwenyewe. Hata miguu ilipungua kukatwa.

Na kulikuwa na kuvunja mlango. Nesi aliweza kuingia kwa nguvu akiamini maisha ya mtu yako hatarini, lakini mlango uliovunjwa haungefungwa tena. Bangili ingegeuka kutoka kijani kuwa njano, ufunguo ungerudi zahanati, na mtu huyo angehesabiwa kuwa hawezi kujitunza mpaka mwisho wa maisha yake. Walioandika kanuni hiyo hawajapata kuishi mahali ambapo rangi ya bangili yako inajulikana hadi kwa muuza mkaa. Tusekile hakuwahi kuvunja mlango wa mtu, na alikuwa akimwomba Mungu asije akauvunja.

*

Mchana ulikuwa umeingia, na Mama Gwantwa alikuwa ameshahamia somo la vidonda vya miguu, pale alipoingia mama mmoja aliyechelewa, kanga imelowa ukungu mpaka mabegani. Alitokea njia ya Itumbi.

"Mmeshazika?" wakamuuliza.

"Wapi! Anasubiriwa Lugano, mtoto wa marehemu. Gari lao limenasa kwenye tope huko chini. Na mtoto wa pekee, utamzikaje mama yake hajafika?"

Tusekile akamsogelea. "Kwa hiyo hawajala?"

Yule mama akamtazama kama mtu aliyeuliza iwapo samaki hutembea. "Nani ale, nesi, kaburi liko wazi?"

Alilijua hilo tangu utotoni. Kwenye vilima vile ndugu wa tumbo moja na marehemu hatii kitu mdomoni mpaka udongo ufunike jeneza. Wageni wanaweza kunywa uji. Ndugu hawezi. Mwalimu alipopanga pampu yake aliijua desturi, nesi alipomsikiliza aliijua desturi, na wote wawili wakaipiga hesabu kwa saa tano, kama watu wasiojua misiba ya kwao inavyochelewa.

Insulini ikishaingia mwilini hairudi. Ni mgeni aliyekuja kula: usipompa ndizi ulizomwandalia, atakula kilichomo ndani ya damu yako, na kikiisha hicho ubongo ndio utakaolala njaa. Kwanza mtu hutetemeka. Halafu huwa mkaidi. Halafu huanza kuona mambo kwa mbali, na mwishowe huanguka. Mlezi angeingia bila hodi mtu akishaanguka na kuacha kujibu. Kwa mzee wa umri ule, mwenye moyo ule, hapo pangekuwa pamechelewa.

"Mlezi," Tusekile akasema, "piga hodi kwa Mwalimu Ambokile."

Kioo kikafikiri. "Amejibu: Salama."

Mabenchi yakashusha pumzi. Yeye hakushusha. Alipiga simu ya Mwalimu, ikaita mpaka ikachoka. Alipiga za watu watatu waliokuwa msibani, nazo vilevile. Zote zilikuwa ndani ya kikapu. Tangu watu walipozoea kurusha picha za maiti hewani kwa ndugu wa mbali, vikao vya mitaa vilikubaliana kwamba simu zote ziachwe kwenye kikapu mlangoni mwa msiba. Bangili za wagonjwa peke yake ndizo zilizosamehewa, na Mwalimu, kwa heshima ya dada yake, lazima ameinyamazisha milio yake yote ya tahadhari. Mwenye ufunguo ana haki hiyo.

Ndege ndogo ya dawa ilikuwa imetulia juu ya paa na taa nyekundu. Kwenye ukungu kama ule hairuki. Pikipiki ya zahanati ingeteremka hadi darajani na kupanda tena, saa nzima kama hakuna tope, na tope ndilo lililomnasa Lugano.

"Piga hodi tena."

"Amejibu: Salama kabisa."

Akampigia daktari wa wilaya, ambaye kwa Lufumbo alikuwa sauti tu isiyowahi kuonekana. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya.

"Amejibu?" akauliza.

"Amejibu mara mbili."

"Basi kisheria anajitunza. Nesi, ukivunja ukakuta yuko sawa, umemharibia mzee wa watu. Na hao watano uliowaandaa leo, nani kati yao atachukua ufunguo?"

"Na nisipovunja nikakuta hayuko sawa?"

"Mimi siko huko," sauti ikasema. "Uamuzi ni wa zahanati."

Zahanati ilikuwa yeye. Alitaka mtu mkubwa aingie amwambie la kufanya, na mtu mkubwa aliyekuwa akimwambia la kufanya siku zote ni yule aliyesimama kando ya kaburi huko Itumbi.

Mama Gwantwa alikuwa bado amesimama mbele, somo lake limekatika. "Kasema salama?"

"Kasema salama kabisa."

"Nawe umeridhika?" Mama Gwantwa akasonya. "Mimi siku niliyoteguka mguu kule bondeni, alipita mchungaji, akaniuliza habari za asubuhi. Nikamwambia nzuri. Nimekaa matopeni, mguu umetazama nyuma, nasema nzuri, habari za nyumbani? Ndipo nikamwambia sasa, baba, nisaidie. Mtu anaanza na nzuri, nesi. Hata anayekata roho anaanza na nzuri."

Watu wakacheka kidogo, cheko la wenye hofu. Tusekile hakucheka. Kitu kilikuwa kimemgusa katika hadithi ile, na hakikuwa ule mguu. *Habari za nyumbani.* Hata matopeni, Mama Gwantwa alimuuliza mchungaji habari za nyumbani.

Mwalimu ukimsalimia hakuachii. Ukimwamkia anaitikia, kisha zamu yake inaanza: umeamkaje, mama yako mgongo unaendeleaje, paa lile linavuja bado? Watoto wa mtaani walimtania kwamba anaisalimia hadi bangili yake.

"Mlezi," akasema polepole, "Mwalimu ukimpigia hodi, akishakujibu, huwa anakuuliza kitu?"

"Ndiyo. Wagonjwa wengi huniuliza nimeamkaje. Maneno hayo nayaondoa kabla ya kuleta jibu, kwa kuwa hayana taarifa ya afya."

Benchi la mbele likaguna.

"Leo asubuhi alikuuliza nini?"

"Aliniuliza nimeamkaje. Kisha akauliza kama nesi bado anahangaika."

"Na mchana huu? Mara hizi mbili?"

"Hakuuliza."

Nje mashine za kuchuma chai zilikuwa zikitembea mlimani kwa miguu yao myembamba, zikikata na kukusanya, na mlio wao ndio uliosikika peke yake.

Tusekile alijaribu kuwa mtu wa haki. Mzee yuko mbele ya jeneza la dada yake. Mashine inamnong'oneza hujambo kwa mara ya pili. Ni ajabu gani asipoiuliza habari zake? Mfiwa ana ruhusa ya kusahau adabu. Angekuwa mtu mwingine yeyote angesema hivyo na kutulia. Lakini Mwalimu alimzika mke wake akisimama mlangoni kuuliza kila mgeni habari za safari. Na sukari ikishuka, kinachobaki mdomoni ni kile kilichozoeleka kuliko vyote. Salama haihitaji akili. Kumkumbuka mwenzako kunahitaji.

"Piga hodi mara ya mwisho."

Walisubiri. Safari hii kioo kilichelewa.

"Amejibu: Salama," Mlezi akasema. "Hakuuliza."

"Nesi, fikiri," Mama Gwantwa akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Yule mzee bangili ile ni kila kitu chake."

"Nimefikiri."

Hakuwa amefikiri. Aliogopa tu, na ile hofu ya mzee kufa ikaishinda ile ya mzee kudhalilika. Akaweka kiganja kwenye kioo, akasema jina lake na jina la Mwalimu kama kanuni inavyotaka, akavunja mlango.

Ile alama ilipotea. Mahali pake ikatokea mbili nukta tatu, ilhali sukari ya mtu haitakiwi kushuka chini ya nne, na mshale unaotazama chini.

Pampu ikazimwa hapo hapo. Na Mlezi, kwa sauti yake ile ile tulivu ya kila siku, akamwarifu nesi maneno ambayo bangili ilikuwa ikiyatangaza wakati huo huo huko Itumbi, kwa sauti ya juu, ili walio karibu wasikie: "Mvaaji huyu hawezi kujitunza. Mpeni kitu kitamu. Mvaaji huyu hawezi kujitunza."

Tusekile hakuwa akiyajua maneno hayo. Hakuna aliyekuwa akiyajua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvunja mlango. Aliketi kwenye kiti cha Mwalimu bila kujua ni cha Mwalimu.

Mbili nukta moja. Bado mbili nukta moja. Kisha mbili nukta sita, tatu, nne. Mtu huko alikuwa amempa chai yenye sukari. Mzee ameokoka, na kwenye mabenchi hakuna aliyepiga makofi.

*

Walimleta jioni, Lugano akiendesha pikipiki ya watu, mjomba wake nyuma amevaa koti la msiba lililochafuka tope magotini. Bangili ya njano ilikuwa imefunikwa na mkono wa shati uliovutwa mpaka vidoleni.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba."

Akangoja. Mwalimu akatazama ukuta.

Lugano ndiye aliyejaza kimya kile. "Nesi, asante. Asante sana. Mimi nafika tu, nashuka, naenda kumshika mjomba mkono, nakuta ananiangalia hanijui."

"Nilikujua," Mwalimu akasema.

"Uliniita Subilaga, mjomba."

"Una macho ya mama yako."

Tusekile alimpima presha, akamtazama kope, akampa maji. Mzee alikubali kila kitu kama mtu anayekaguliwa na askari. Alipomaliza, Mwalimu alisema, naye hakumwita mwanangu wala nesi:

"Tusekile. Mkono wangu ulikuwa mfukoni."

"Mwalimu..."

"Ulikuwa mfukoni, nimeishika sukari guru. Nilikuwa najua. Jasho nililihisi. Nilikuwa nasubiri udongo wa kwanza uanguke, niile."

"Wewe ndiye unayetufundisha kula kwanza!"

"Nafundisha. Na siku nikishindwa somo langu mwenyewe, ni mimi niliyeshindwa. Ndiyo maana ya ufunguo. Au tulipokuwa tunawakabidhi watu tulikuwa tunawachezea?"

"Ungekufa, Mwalimu." Machozi yalikuwa yamemfika, na hakuona sababu ya kuyaficha. "Ilikuwa mbili nukta moja. Ungekufa juu ya jeneza la dada yako."

"Huenda." Alisema bila hasira, na hapo ndipo palipouma. "Huenda pia ningekula. Mimi sijui, wewe hujui, na sasa hatutajua kamwe. Nilikuwa niseme kwa niaba ya ukoo. Nimesimama mbele ya watu niliowafundisha kusoma, na mkono wangu mwenyewe unawatangazia kwamba siwezi kujitunza. Akasema Lugano badala yangu. Alikuwa na tope miguuni, hajui hata nani amechimba kaburi."

Lugano aliinamisha kichwa. Mwalimu akainuka, akakataa kushikwa, akatoka kusubiri nje kwenye ukungu.

Tusekile akamdaka kijana mlangoni. "Niambie kweli. Mkono ulikuwa mfukoni?"

"Ulikuwa mfukoni, dada. Tulipoutoa tukakuta sukari guru imepondeka yote kiganjani." Akasita. "Sasa kama alikuwa anaitoa, au alikuwa ameshaisahau, hilo mimi siwezi kukudanganya."

*

Jumatano iliyofuata funguo tano zilikuwa bado kwenye droo. Tusekile alizitoa, akaita majina. Wa kwanza alisema mguu unamuuma, atachukua siku nyingine. Watatu hawakuja. Mama Gwantwa alikuja mpaka mezani, akauchukua ufunguo, akaupima mkononi kama apimavyo parachichi, akaurudisha.

"Niwekee kwanza, nesi."

"Mama Gwantwa, umefaulu kuliko wote."

"Nimefaulu. Lakini mlango ambao mwingine anaweza kuuvunja na kunitangaza sokoni, heri nilale wazi. Nikilala wazi angalau najua niko wazi." Kisha, maana hakuwa na roho mbaya, akaongeza, "Ulifanya vizuri. Ningekuwa mimi ningevunja. Lakini niwekee."

Mwalimu alikuja. Sheria sasa ilimlazimisha kuja. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, mkono wa shati umevutwa, na kijiti chake kikabaki kimeegemea ukuta bila mtu wa kukigusa. Nesi alifundisha mwenyewe siku hiyo. Alifundisha vizuri, watu wakatikisa vichwa, na hakuna aliyerudisha somo.

Aliandika wilayani kuomba ufunguo wa Mwalimu urudishwe, na ule utangazaji uondolewe kwenye bangili. Kuhusu utangazaji waliahidi kutazama. Kuhusu ufunguo walijibu kwa upole kwamba kumbukumbu zinaonyesha hatua iliokoa maisha, na wakampongeza. Barua ile ya pongezi aliisoma akiwa amesimama, akashindwa kuketi nayo.

Jambo moja lilikuwa ndani ya uwezo wake, akalifanya. Alimwagiza Mlezi asiondoe tena maneno yoyote ya wagonjwa. Wakiuliza, aseme wameuliza. Hapo ndipo alipogundua ni mambo mangapi yalikuwa yakitupwa: watu walimuuliza Mlezi kama amelala vizuri, kama na yeye anasikia baridi, kama nesi ameshaolewa. Kila asubuhi, Mlezi alipowapigia wagonjwa wote hodi, zahanati ilijaa salamu. Alizisikiliza akinywa chai, na zote alizipita haraka kufika kwa mmoja.

"Ambokile Mwasyeba. Sukari sita nukta moja. Amejibu: Salama. Hakuuliza."

Kesho yake: "Sukari tano nukta nane. Amejibu: Salama. Hakuuliza."

Namba nzuri. Mwalimu hakuwahi kuwa na namba nzuri kama hizo alipokuwa akizipata mwenyewe, na Mlezi aliziweka kwenye mfano wa kuonyeshea wageni. Mzee akawa anakula alichoambiwa, saa aliyoambiwa. Watu walisema hata shambani kwake amepunguza kwenda. Tusekile aliacha kuitazama namba kwanza. Kila asubuhi alingoja neno la mwisho, na neno la mwisho likawa lile lile. Aliwahi kulisikia neno hilo likiwa na maana kwamba mtu anakufa. Sasa mtu alikuwa mzima kabisa, na lilimtisha zaidi.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja, paa la zahanati likigonga kwa matone, Mlezi alisoma majina yake kama kawaida, akafika.

"Ambokile Mwasyeba. Sukari sita. Amejibu: Salama." Kioo kikatulia kidogo. "Ameuliza."

Kikombe kilimponyoka Tusekile, chai ikamwagika mezani. Hakuifuta.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza: Na wewe, mwanangu, umeamkaje na ufunguo wangu?"

Mvua ikaendelea kugonga. Kwenye droo, chini ya funguo tano ambazo hakuna aliyezitaka, ulikuwa wa sita, wa zamani, uliochakaa pembe kwa kushikwashikwa. Usiku kucha alikuwa akigeuka kitandani akiuona mkono ule mfukoni, ukitoka, usitoke, ukitoka. Hakuwa ameamka vizuri hata siku moja tangu Itumbi.

"Nimjibuje?" Mlezi akauliza.

Tusekile alifungua mdomo amwambie Mwalimu yote hayo, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Salama."